Namba Moja ya Simu na Gazeti la Chama: Mwananchi wa China Anasikika Wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Katika semina tuliambiwa kwamba mjini Beijing mwananchi hupiga namba moja tu, 12345, akalalamikia bomba lililopasuka au taka zisizozolewa, na ofisi inayohusika hulazimika kumjibu. Lakini ninajua pia kwamba magazeti na televisheni za huko ni mali ya chama, na kwamba anayeisema serikali mtandaoni anaweza kukuta maandishi yake yamefutwa. Mambo haya mawili yanakaaje nyumba moja? Mwananchi wa China anashiriki kweli, au anachezewa igizo tu? Na sisi tuna la kujifunza?

Jibu: Ndugu msomaji, usidhani kwamba mojawapo ya mambo hayo mawili lazima liwe la uongo. Namba ya simu ipo na inafanya kazi, na magazeti ni ya chama kweli. Yanakaa nyumba moja kwa sababu fundi wa nyumba ni mmoja na ramani aliyoifuata ni moja: sauti ya mwananchi inaruhusiwa, na mara nyingine inatafutwa kwa bidii, ilimradi inapanda kutoka kwake kwenda kwa mwenye mamlaka. Sauti hiyohiyo ikigeuka ubavuni, ikatoka kwa mwananchi kwenda kwa wananchi wenzake ili wakusanyike juu ya jambo moja, ndipo mlango hufungwa. Yapo mambo ambayo hayasemwi kabisa, hata kwa kupanda, lakini ukiishika tofauti hiyo utaelewa sehemu kubwa ya yale yanayoonekana kuwa vitendawili katika habari za China.

Suala la umiliki nitalipitia haraka kwa kuwa unalifahamu. Shirika la habari la Xinhua lina mizizi yake katika mwaka 1931, Chama cha Kikomunisti kilipokuwa bado kinapigana kutoka milimani Jiangxi. Gazeti la Renmin Ribao, gazeti kuu la chama, lilianza mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya chama kushika dola. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1958, na taarifa yake ya habari ya saa 1 usiku, ambayo hadi leo kwa kawaida hufunguliwa na shughuli za viongozi kwa mpangilio wa vyeo vyao, imekuwapo tangu 1978. Anayeshika usukani ni Idara ya Uenezi ya Kamati Kuu ya chama. Sisi tuliozoea cheo cha katibu wa itikadi na uenezi tunaweza kudhani kwamba hiyo ni ofisi ya msemaji wa chama, kumbe huko ni ofisi yenye kauli juu ya uteuzi wa wahariri, na ndiyo inayotuma maelekezo yanayosema habari ipi iandikwe kwa maneno ya Xinhua peke yake, ipi isipewe ukurasa wa mbele, na ipi isiguswe. Tarehe 19 Februari 2016 Rais Xi Jinping alivitembelea vyombo vyote vitatu kwa siku moja na kusema kwamba vyombo vya chama na serikali lazima viwe na “chama” kama jina lao la ukoo. Ren Zhiqiang, mfanyabiashara wa majengo aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 37 katika mtandao wa Weibo, alihoji hadharani tangu lini vyombo vinavyoendeshwa kwa kodi ya wananchi vikawa vya ukoo wa chama. Akaunti yake ilifungwa ndani ya siku chache. Mwaka 2020, baada ya makala kali aliyoiandika kuhusu namna janga la korona lilivyoshughulikiwa, alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa mashtaka ya rushwa.

Sasa fikiria tatizo linalompata mtawala mwenye vyombo vitiifu kiasi hicho. Nchi ni kubwa, maofisa ni mamilioni, na kila ofisa wa chini anajua kwamba kupanda cheo kunategemea taarifa nzuri. Wachina wana usemi wa siku nyingi juu ya jambo hili: kuripoti furaha, kutoripoti huzuni. Gazeti likiandika furaha tu, wa kwanza kupofuka ni kiongozi mwenyewe aliyeagiza liandikwe hivyo. Dawa ya kale ya upofu huo ni taarifa za ndani. Mwandishi wa Xinhua akienda wilayani akakuta njaa, wizi wa ardhi au machafuko, huenda akarudi na habari mbili: moja ya kuchapishwa, na nyingine ya kupelekwa kwa viongozi wa ngazi fulani tu, ikiwa na maelezo ambayo msomaji wa kawaida hatayaona. Mwandishi huyo ni mwanahabari na pia ni jicho la dola, na malipo yake ya heshima ni kiongozi kuandika pembeni ya taarifa yake, kwa mkono, agizo la jambo lishughulikiwe.

Taarifa za ndani pekee hazikutosha. Mwaka 1979 matangazo ya biashara yalirudi, magazeti yakaanza kujitafutia sehemu ya mapato yake, na gazeti linalotafuta wanunuzi haliwezi kuishi kwa hotuba. Ripoti ya Mkutano Mkuu wa 13 wa chama mwaka 1987 ikahalalisha msemo ambao ningeutafsiri “usimamizi wa maoni ya umma”, yaani umma, kupitia vyombo vya habari, kuwatupia macho maofisa. Aprili 1994 televisheni ya taifa ikaanzisha kipindi cha uchunguzi, Jiaodian Fangtan, kilichorushwa mara baada ya taarifa ya habari, kikionyesha polisi wa barabarani wanaokula hongo na wenyeviti wa vijiji wanaowatoza wakulima kodi zisizokuwapo. Ilisemwa mjini Beijing kwamba nje ya lango la kipindi hicho kulikuwa na foleni mbili: moja ya watu waliokuja kushitaki, nyingine ya maofisa wa majimboni waliokuja kubembeleza habari zao zisitoke. Waziri Mkuu Zhu Rongji alikitembelea mwaka 1998 na kuwaandikia watangazaji kwamba wao ni mdomo wa umma na kioo cha serikali. Zingatia, hata hivyo, ni nani aliyekuwa akionekana kwenye kioo hicho: mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa wilaya, mara chache sana mkubwa wa jimbo. Kioo kiliinamishwa chini, na aliyekishika alikuwa amesimama juu.

Kisa cha Sun Zhigang nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha mfumo huu ulipofika mbali kuliko kawaida na gharama iliyolipwa. Sun alikuwa mbunifu wa miaka 27 kutoka jimbo la Hubei, ndiyo kwanza amepata kazi mjini Guangzhou. Jioni ya tarehe 17 Machi 2003 alitoka kwenda kwenye mkahawa wa intaneti bila kibali cha ukaazi wa muda. Polisi walimkamata chini ya kanuni za mwaka 1982 za kuwashikilia na kuwarudisha makwao watu wasio na makazi mjini, kanuni zinazofanana kwa mbali na zile sheria za uzururaji tulizorithi kwa wakoloni. Siku tatu baadaye alikuwa maiti. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba alipigwa. Tarehe 25 Aprili gazeti la Nanfang Dushibao la mjini humo, ambalo nalo ni mtoto wa gazeti la chama la jimbo la Guangdong, liliichapisha habari hiyo, nayo ikasambaa katika intaneti ambayo wakati huo ilikuwa bado changa. Wanasheria vijana watatu, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, waliiandikia kamati ya kudumu ya Bunge la Umma wakiitaka ipime kama kanuni hizo zinapatana na katiba. Kabla Juni haijaisha, watu 12 walikuwa wamehukumiwa, mmoja wao kifo, na Baraza la Serikali, yaani serikali kuu, lilikuwa limezifuta kanuni zenyewe.

Ungeweza kuishia hapo na kusema kwamba umma ulishinda, na kwa kweli ulishinda. Lakini mwaka uliofuata mhariri mkuu wa gazeti hilo, Cheng Yizhong, aliwekwa kizuizini miezi mitano bila kufikishwa mahakamani, na mwenzake Yu Huafeng, meneja mkuu, alifungwa kwa mashtaka ya fedha ambayo wanahabari wengi waliyaona kuwa kisasi. Xu Zhiyong aliendelea kuwakusanya wananchi wadai haki za elimu kwa watoto wa wahamiaji na uwazi wa mali za viongozi. Alifungwa miaka 4 mwaka 2014, kisha miaka 14 mwaka 2023. Barua iliyopanda kwenda bungeni mwaka 2003 ilisomwa, na kanuni alizozilalamikia zilifutwa. Kosa lake lilianza alipowageukia majirani.

Weibo, mtandao ulioanza Agosti 2009, uliuvuruga mpangilio huu kwa muda. Usiku wa tarehe 23 Julai 2011 treni mbili za mwendo kasi ziligongana karibu na Wenzhou na kuua watu 40. Abiria walianza kuandika wakiwa bado ndani ya mabehewa, kabla chombo chochote cha chama hakijafika. Ilipoonekana kwenye picha kwamba behewa limefukiwa shimoni na matingatinga, msemaji wa Wizara ya Reli aliwaambia waandishi kwamba lilifukiwa ili kurahisisha uokoaji, akaongeza: “Mkiamini msiamini, mimi naamini.” Kauli hiyo iligeuzwa utani wa nchi nzima ndani ya saa chache. Msemaji aliondolewa, uchunguzi uliwaadhibu maofisa 54, na mwaka 2013 wizara yenyewe ilivunjwa, ingawa ajali hiyo haikuwa sababu pekee.

Kwa utawala hilo lilikuwa somo la kutisha: safari hii umma ulizungumza wenyewe kwa wenyewe bila mhariri wa kati. Jibu lilikuja mwaka 2013. Watu mashuhuri wenye wafuasi mamilioni mtandaoni walikamatwa au kuonywa, na Septemba mwaka huo tafsiri ya sheria iliyotolewa na mahakama ya juu ikasema kwamba uzushi wa kumchafulia mtu jina ukishirikishwa mara 500 au kutazamwa mara 5,000 unaweza kumpeleka mwandishi wake gerezani. Kipimo cha ubaya wa kosa kikawa, pamoja na maneno yenyewe, idadi ya majirani waliolisikia. Utafiti wa Gary King, Jennifer Pan na Margaret Roberts, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2013 baada ya kulinganisha mamilioni ya maandishi kabla na baada ya kufutwa, ulikuta jambo hilohilo kwa njia ya takwimu: ukali wa lawama dhidi ya viongozi haukuongeza sana uwezekano wa andishi kufutwa, bali maandishi yaliyohusu mikusanyiko ya watu ndiyo yaliyofutwa kwa wingi, hata yale yaliyoiunga mkono serikali. Kazi yao ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba watumishi wa serikali huandika takriban maandishi milioni 448 kwa mwaka wakijifanya raia wa kawaida, na wengi wao hawabishani na mtu yeyote; hupiga debe na kuhamisha mazungumzo.

Wachina nao si mbumbumbu. Msomaji aliyekulia Pwani, anayejua kwamba jina la kanga linaweza kumchoma mtu bila kumtaja, ataelewa haraka kwa nini kaa wa mtoni alikuja kuwa mnyama wa kisiasa: jina lake hutamkwa karibu sawa na neno “upatanifu”, kaulimbiu ya serikali iliyogeuzwa kuwa sababu ya kufuta maandishi. Machi 2020, mahojiano ya daktari mmoja wa Wuhan yalipoondolewa mtandaoni, watu waliyarudisha kwa vikaragosi, kwa alama za telegrafu na kwa kuyaandika kinyumenyume.

Wuhan hiyohiyo ndiko alikofanya kazi Li Wenliang, daktari wa macho wa miaka 34. Tarehe 30 Desemba 2019 aliwaandikia wenzake waliosoma pamoja, katika kundi la WeChat, mtandao wa kutumiana ujumbe, kwamba kuna wagonjwa wenye nimonia inayofanana na SARS, ugonjwa hatari wa mapafu. Tarehe 3 Januari aliitwa polisi akasainishwa karatasi ya onyo. Karatasi hiyo ilionekana baadaye na mamilioni ya watu, na inafaa kuiangalia kwa karibu: chini kuna maswali mawili yaliyochapwa, kama ataweza kuacha, na kama ameelewa, kando ya kila swali kuna jibu lake kwa mkono, “Naweza” na “Nimeelewa”, na alama ya kidole kwa wino mwekundu. Li alifariki kwa ugonjwa huo, uliokuja kujulikana kama korona, tarehe 7 Februari 2020. Mwezi uliofuata timu iliyotumwa kutoka Beijing iliona kwamba onyo halikustahili, polisi wakalifuta na kuomba radhi kwa familia. Lawama ilishushwa hadi kituo cha polisi, na huko ikaachwa. Kosa la awali la daktari, ukilitazama kwa kipimo changu, ni kwamba taarifa yake ilikwenda ubavuni, kwa madaktari wenzake, badala ya kupanda kwa mkubwa wake.

Kama unadhani ninalazimisha kipimo, chukua kisa cha wilaya ya Feng, jimbo la Jiangsu. Januari 2022 video fupi ilimwonyesha mama wa watoto wanane akiwa amefungwa mnyororo shingoni katika kibanda wakati wa baridi kali. Wilaya ilitoa taarifa, ikatolewa nyingine iliyopingana nayo, na hasira ikazidi hata wakati wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ambayo vyombo vya chama vilitaka ndiyo izungumzwe. Jimbo likaingilia, likathibitisha kwamba mama huyo aliuzwa, na Februari maofisa 17 wakaadhibiwa. Wakati huohuo wanawake wawili waliosafiri kwa hiari yao kwenda kumwona, wakisimulia safari yao mtandaoni, walikamatwa na polisi wa huko. Kisa ni kimoja na mwezi ni mmoja, na yote mawili yalitokea.

Sasa turudi kwenye namba yako ya simu. Ilikuwapo katika miji mbalimbali tangu miaka ya 1990, ikiwa ni mrithi wa simu na sanduku la barua la meya, nayo yakiwa wajukuu wa desturi ya kale ya ngoma iliyowekwa nje ya baraza ili mwenye kilio aipige. Jipya la Beijing lilianza Januari 2019: lalamiko haliendi tena kuzunguka idara hadi idara, bali linashushwa moja kwa moja hadi ofisi ya mtaa au kata husika, miongoni mwa zaidi ya 300 za jiji hilo. Baada ya muda maalumu mlalamikaji hupigiwa simu akaulizwa maswali matatu: je, waliwasiliana nawe, tatizo limetatuliwa, na umeridhika? Majibu yanageuzwa asilimia, asilimia zinageuzwa orodha, na kila mwezi orodha inasomwa katika kikao mbele ya katibu wa chama wa jiji, makatibu wa wilaya wakiwa wamekaa wanasubiri kusikia nani yuko mkiani. Hakuna gazeti linalomtia ofisa wa mtaa hofu kama ile.

Kwa hiyo jibu langu la swali lako la pili ni kwamba mwananchi huyo hachezewi igizo: bomba linatengenezwa. Ninachokataa ni kuliita tukio hilo mjadala wa umma. Malalamiko ya Jiaodian Fangtan yalikuwa mbele ya kamera, na nchi nzima iliangalia. Simu ya 12345 ni mazungumzo ya watu wawili. Aliyepiga kuhusu maji machafu hajui kama jengo zima la jirani limepiga kuhusu maji hayohayo. Anayejua ni kompyuta ya jiji. Katika miaka hiyohiyo ambayo waandishi wa uchunguzi walipungua na vipindi kama Jiaodian Fangtan vikapoteza makali, namba za simu na programu za malalamiko ziliongezeka, nami sioni kwamba hiyo ni ajali. Jicho la dola lilihamishwa kutoka gazetini, ambako majirani nao walikuwa wakitazama, likapelekwa mahali ambapo dola inatazama peke yake.

Matangazo yanayotufikia sisi yasichanganywe na haya. Idhaa ya Kiswahili ya Beijing, iliyoanza mwaka 1961, na televisheni ya Kichina iliyofungua kituo Nairobi mwaka 2012, zimekusudiwa wasikilizaji wa nje. Hata kurasa zake za YouTube na Facebook haziwezi kufunguliwa na Mchina wa kawaida nyumbani kwake, kwa kuwa mitandao hiyo imefungwa huko.

Kuhusu kujifunza, tazama kwanza kilichofanya namba hiyo ifanye kazi. Ofisi ya mtaa ilipokuwa ikipokea lalamiko la umeme au maji haikuwa na amri juu ya shirika la umeme wala la maji, sawasawa na mtendaji wako wa kata asivyokuwa na amri juu ya TANESCO ya umeme, TARURA ya barabara au mamlaka ya maji. Beijing walilitatua hilo kwanza katika wilaya ya Pinggu mwaka 2017, wakipambana na uchimbaji haramu wa dhahabu, kwa utaratibu walioupa jina la “mtaa ukipiga filimbi, idara ziripoti”: ofisi ya chini ikiita, idara za juu hulazimika kufika. Simu ilifuata baadaye. Halmashauri itakayonunua mitambo ya simu kabla ya kupata filimbi itakuwa imenunua njia mpya ya kumtuma mwananchi ofisi nyingine. Pili, tahadharini na asilimia. Watumishi wa mitaa wa Beijing wenyewe wamelalamika kwamba nguvu nyingi huishia kumbembeleza mpiga simu aseme ameridhika, hata pale anapodai jambo lisilowezekana au lisilo halali.

Tatu ni lile ambalo Beijing haiwezi kuwafundisha. Ninyi mna mikutano mikuu ya vijiji, mabaraza ya madiwani na redio za jamii, ambamo lalamiko la mmoja linaweza kusikiwa na wote bila mtu kuitwa polisi kwa sababu ya idadi ya waliosikia. Mkianzisha namba yenu, msiifiche orodha kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Ibandikeni kila mwezi kwenye ubao wa matangazo wa kila kata: malalamiko mangapi yalipokelewa, ya nini, mangapi yametatuliwa, na ofisi gani bado inadaiwa jibu.